Kijitabu cha Nani?

Miaka kadhaa iliyopita, sokoni Tulia kule Kitui, nilimwomba ajenti wa M-Pesa nakala ya Shujaaz, kijitabu cha katuni ambacho wakati huo kiligawiwa bure. Akanipa huku akiuliza, "Unampelekea mtoto, mwalimu?"

Nikamwambia ni yangu.

Naona swali lake lilitoka ndani ya maneno yenyewe tunayoyatumia. Kijitabu ni kitabu kilichodogoshwa, nasi tumemdogosha na msomaji wake. Katuni nayo tumeibebesha mengi: picha za runinga wanazotazama watoto, hadithi za michoro, hata michoro ya siasa ya mchoraji Gado gazetini, ambayo sijasikia mtu akisema ni ya watoto.

Superman alipotokea kijitabuni Marekani mwaka 1938, kijitabu hicho kiliuzwa senti 10, fedha ambayo mtoto angeweza kuwa nayo mfukoni. Mwaka 1940 Batman akapewa mwenzi, Robin, mvulana. Kwangu hilo latosha: watoto ndio waliolengwa. Ila wanajeshi nao walivisoma vijitabu hivyo vitani. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film lililosomwa sana Kenya miaka ya 1960, alivuta sigara nene na kunywa wiski. Alikuwa wa watu wazima waziwazi, na wavulana wa shule wakampenda.

Shujaa ni neno lisilo na umri. Kila tarehe 20 Oktoba tunawaita hivyo waliopigania uhuru. Lakini mashujaa wa Marekani kama Superman hatuwezi kuwataja bila kuongeza "wenye nguvu za ajabu", na hapo ndipo Ukambani, Kitui iliko, panaponifurahisha. Katika hadithi za huko nguvu za ajabu ni za Eimu, zimwi limezalo watu. Anayelishinda mara nyingi ni mtoto, tena kwa akili. Bibi alisimulia, wajukuu na wazazi wao wakasikiliza pamoja. DJ Boyie wa Shujaaz, aliyeanza kusomwa mwaka 2010, ni wa ukoo wa watoto hao wa akili: kijana aliyemaliza shule, hana kazi, anarusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani kwake.

Siku ile sokoni, nilipokuwa naondoka, ajenti alinipeleka nyuma ya kibanda kunionyesha vifaranga wake. Wote walikuwa wamepakwa rangi ya waridi.

"Mwewe hawatambui," akasema. "Niliona humo, kwa hicho kijitabu."