NENO LA MWANAMKE MBELE YA HAKIMU



Ni desturi ya taarifa hii kutazama tulikotoka. Mwaka huu twaeleza jinsi sheria ya nchi ilivyopata kuliamini neno la mwanamke au binti aliyebakwa, kwa maana jambo hili hufika barazani kwetu, na mara nyingine hukomea hapo.

Pwani hii ililisikiliza neno la mwanamke zamani. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alisimama kupinga amri za Serikali ya Kiingereza, na Wagiriama, wanaume kwa wanawake, wakala kiapo pamoja naye. Lakini katika mahakama za Serikali hiyo mambo yalikuwa mengine. Kanuni ya Adhabu ya 1930 haikuweka kiwango cha chini cha kifungo cha mbakaji. Tena, kwa mapokeo ya sheria ya Uingereza, mahakimu walitakiwa wajihadhari na neno la mwanamke peke yake, watafute ushahidi mwingine wa kulithibitisha. Aliyeibiwa mbuzi hakutiliwa shaka ya namna hiyo. Aliyebakwa gizani angempata wapi shahidi?

Mapokeo hayo yalidumu miaka karibu 40 baada ya Uhuru wa 1963. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mahakama ya Rufaa ikatamka kuwa ni ubaguzi juu ya wanawake, kinyume cha Katiba. Mwaka 2003 Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa, hakimu apate kuhukumu kwa neno la mtoto peke yake, akiridhika kuwa asema kweli na kuandika sababu zake. Mwaka 2006 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyopelekwa na Bi. Njoki Ndung'u. Kubaka kukawa na kifungo kisichopungua miaka 10, na kunajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15, kisichopungua 20. Na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru ikaamua kwamba polisi waliopuuza mashtaka ya mabinti walionajisiwa walivunja haki zao.

Basi mahakama imefunguka. Mlango uliosalia ni wetu sisi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, yaheshimu usuluhishi wa jadi, lakini yaukataza kuvunja haki za mtu. Sheria ya 2006 nayo haimpi mzee, mzazi wala polisi uwezo wa kuifuta kesi hii; uwezo huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mbuzi na fedha zinazopokewa na baba hazimponyi binti, na aliyetoa fidia leo aweza kurudia kesho kwa mtoto wa jirani.

Wazee wetu, twawaomba hivi. Jambo likiletwa kwenu, msiliketie kikao. Binti apelekwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa ya kumkinga na Ukimwi haingoji. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe. Kituo cha polisi kiarifiwe, daktari aijaze fomu ya P3, na siku ya kesi huko Malindi asiende peke yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Heshima ya mji hailindwi kwa kumnyamazisha mtoto.