Hewa ya Rungwe na Rafu za Maktaba

Njia itokayo Mbeya kwenda Tukuyu hupita Kiwira, nchi ya migomba, chai na mvua nyingi. Uzuri wake wote umetokana na volkeno: udongo wake, maziwa yake ya kreta, hata lile Daraja la Mungu lililo juu ya mto Kiwira. Lakini ardhi hiyo hiyo iliyowapa watu rutuba huwatisha pia. Katika mabonde kadha wa kadha ya Rungwe hutoka hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua wadudu, ndege na wanyama walioinamisha vichwa. Wenyeji waliijua kwa madhara yake kabla mtaalamu yeyote hajaipima. Hata hivyo, kujua kwamba kitu chaua si sawa na kujua kitu hicho ni nini. Na baina ya ujuzi huo wa kwanza na huu wa pili imesimama maktaba.

Hewa yenyewe ilikwisha kuelezwa mbali sana na Rungwe. Mwaka 1756 Joseph Black, mwanakemia wa Uskoti, alichapisha majaribio yake juu ya hewa itokayo katika chokaa na magnesia. Baadaye alionyesha kuwa hewa hiyo huzima moto na kukatiza uhai. Ndiyo kaboni dioksidi, ambayo uzito wake hukaribia mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida. Ndiyo maana hutuama mabondeni kama maji.

Nchi nayo ilikuwa na vitabu vyake. Wilhelm Bornhardt alichapisha mwaka 1900, kwa Kijerumani, kitabu chake juu ya jiolojia ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1960 D. A. Harkin alitoa, kwa Kiingereza, taarifa yake juu ya volkeno za Rungwe. Basi mwanafunzi wa Kiwira aliyetaka kuijua ardhi ya babu zake alilazimika kuisoma kwa lugha za wageni, tena mbali na kwao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kishiriki mwaka 1961, na Kitivo chake cha Sayansi mwaka 1965. Nacho kipo zaidi ya kilomita 800 kutoka Kiwira.

Zamani zile mtafiti wa kemia alianzia katika mabuku ya Chemical Abstracts, yaliyoanza kutolewa Marekani mwaka 1907. Alitafuta jina la kitu katika faharasa, faharasa ikampeleka kwenye muhtasari, na muhtasari ukampeleka kwenye jarida lenyewe. Uchapaji wa mabuku hayo ulikoma mwishoni mwa 2009, na kazi hiyo sasa hufanywa kwa kompyuta. Chombo kimebadilika, utaratibu haukubadilika: asiyejua neno la kutafutia hapati kitu, na aishiaye kwenye muhtasari hajasoma.

Haja ya kusoma ilidhihirika tarehe 21 Agosti 1986, hewa hiyo hiyo ilipofumuka kutoka ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu zaidi ya 1,700. Mwaka 2013 jarida la Chemical Geology lilitoa makala juu ya hewa za Rungwe, zikionyesha kwa vipimo vya isotopu kuwa asili yake ni chini kabisa, katika vazi la dunia. Moja ya makala hayo lilibeba katika anwani yake neno mazuku, ambalo watu wa Goma huita hewa hiyo iuayo. Neno la wanavijiji limekuwa ufunguo wa faharasa ya ulimwengu.

Lakini mlango bado ni mzito. Majarida mengi huuzwa ghali. Mipango ya Research4Life, iliyoanza na Hinari mwaka 2002, imevipunguzia mzigo vyuo vya nchi maskini, na maktaba mpya ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 2018. Nyenzo hizo zikikosa wasomaji ni mapambo tu. Tena kazi haijatimia mpaka yale yaliyosomwa yarudi Kiwira kwa Kiswahili fasaha, yamfikie mchungaji wa ng'ombe apitaye bondeni alfajiri, kabla upepo haujavuma.