Ramani Iliyoruka Kericho

Ukipanda matatu ya Kericho kwenda Kisumu, mwili unajua unakoelekea kabla ya simu kukuambia. Unaondoka na sweta; ukifika Ahero ushaivua, na chai imegeuka mpunga. Umeshuka kutoka kama mita 2,000 hadi kama 1,100. Mteremko huo umo kwenye historia ya saratani.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Akaanza kuuliza swali la kawaida kabisa: ugonjwa huu unaanzia wapi na unaishia wapi? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliendesha gari zaidi ya kilomita 15,000, wakionyesha picha hospitali moja baada ya nyingine, hadi kusini mwa Afrika.

Ramani ikajichora. Uvimbe ulifuata joto na mvua. Karibu na ikweta, ukipita mita 1,500 hivi, ulikuwa nadra sana. Kisumu ndani, Kericho nje. Ni mipaka ya mbu wa malaria hiyo.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza wamepata virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Lakini virusi hivyo tunavyo karibu sote. Kwa nini basi mtoto mmoja augue na jirani yake awe salama? Jibu kubwa lilifika mwaka 1982: jeni inayoitwa MYC.

Karibu kila seli ina jeni zote, ila haizisomi zote kwa pamoja. Jeni ikisomwa, nakala yake inapelekwa kwa ribosomu, mashine ndogo za kutengeneza protini. Protini ya MYC kazi yake ni kuchochea jeni nyingine zisomwe, zikiwemo zile zinazojenga ribosomu zenyewe. Yaani haiongezi oda tu, inapanua na kiwanda. Kwa kawaida inawaka seli inapotakiwa kugawanyika, halafu inazima.

Kwenye ugonjwa wa Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC hukatika na, mara nyingi, kubandikwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili. Kwenye seli B, ambazo ni askari wa kinga, mtaa huo hauzimwi taa. MYC inawaka bila kupumzika. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli hizo zizaliane sana, na ajali ya kukatika inapata nafasi zaidi.

Sasa, sisi wa huku juu tuliokuwa nje ya ramani, tulipona? La. Tuna yetu. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imepokea wagonjwa wengi mno wa saratani ya umio, wengine hawajafika miaka 30. Hapa jeni inayoharibika mara nyingi ni TP53. Hiyo ni breki: protini yake huwasha jeni za kusimamisha seli yenye hitilafu. MYC ni mguu uliokwama kwenye mafuta; TP53 ni breki iliyokatika. Gari ni lilelile.

Nani aliikata, bado watu wanabishana. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Pombe, tumbaku na moshi pia wamo kwenye orodha ya washukiwa.

Kogo wangu alikunywa chai ikitoka jikoni, akitucheka sisi tunaopuliza. Ugali ulipoanza kumkwama alihamia uji, bila kusema. Uji ulipokwama, watu wakasema amelogwa, na miezi ikaenda kwa kutafuta adui. Siwezi kusema ni chai iliyomuua. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemtupia kitu.

Niliacha chuo kabla sijasoma haya; nimeyasoma mwenyewe, nikiwa nimechelewa. Burkitt alianza kwa kuuliza wapi. Nyumbani kwetu tulianza kwa kuuliza nani. Kwa hiyo mtu wako akianza kubagua vyakula vigumu, usimwulize amekosana na nani. Mpeleke akapimwe umio, wiki hiihii.