Gome Huota Tena

Katika historia ya biashara ya Afrika tumezoea kusoma habari za pembe za ndovu, karafuu na mpira. Gome la mbuyu halitajwi sana, ingawa nalo liliwahi kupakiwa melini kwenda Ulaya.

Katikati ya karne ya 19, viwanda vya karatasi vya Uingereza vilitegemea matambara, na matambara hayakutosha. Mwaka 1858, Joachim John Monteiro, mhandisi wa madini aliyeishi Angola, alibaini kuwa nyuzi za gome la ndani la mbuyu zinafaa kwa karatasi. Mwaka 1865 akahamia Ambriz, bandari iliyo kaskazini mwa Luanda, kuanzisha biashara hiyo. Ugunduzi huo akauhesabu kuwa wake.

Lakini nyuzi hizo zilikuwa na wenyewe. Ukambani wanawake walizisokota wakasukia vyondo. Kwingineko zilitoa kamba. Mbegu nazo zina wajuzi wake: Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi huzitwanga wakala, na Mombasa na Zanzibar hupikwa na unga wake kwa sukari na rangi, zikawa ubuyu tunaoumung'unya njiani. Walioishi na mti huu walijua pia kwamba, tofauti na miti mingi, mbuyu ukibanduliwa gome haufi. Huliotesha upya. Babu alichukua, na mjukuu akakuta.

Mwaka 2022, huko Kilifi, mibuyu iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia, ikapandwe bustanini. Wenye mashamba walikuwa wamelipwa. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza uchunguzi: je, kibali kilikuwa halali, na Wakenya wanapata mgawo wa haki?

Swali la mgawo ni la lazima, na ni rahisi kumlaumu mkulima aliyeuza huku ada ya shule ikimsubiri. Ila fedha ya mbuyu hulipwa mara moja, kwa mtu mmoja. Gome, mbegu na kivuli vilikuwa vikilipa kizazi baada ya kizazi, hata kwa wasio na shamba. Tunaambiana kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha. Ni kweli, lakini kutoka mchicha hadi mbuyu ni mamia ya miaka, na hakuna mkataba unaoweza kuirudisha.