Kambini Wakati wa Vita vya Shifta, 1963–1967

Desemba 1963, kabla Uhuru haujatimiza mwezi, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki mwa nchi. Wasomali wengi wa eneo hilo walitaka kuungana na Somalia; Nairobi ikakataa katakata. Waliochukua bunduki wakaitwa shifta.

Askari wa Kenya Rifles, warithi wa jeshi la mkoloni la King's African Rifles, walikuja kupigana na adui asiye na ngome. Mpaka na Somalia ulikuwa mstari wa ramani tu, na vichaka viliendelea pande zote mbili. Wavamizi walipiga na kutokomea. Ndiyo maana lindo la usiku lilikuwa kazi ya masikio kuliko macho: kijiti kikivunjika nje ya boma la miiba, ni fisi au ni mtu? Mchana ilikuwa doria kwa miguu, maji yakinywewa kwa kipimo. Masika yalipoingia, udongo mweusi wa Ijara, katika eneo hilo, ulinata hadi lori la chakula likakwama njiani. Baadaye mabomu ya ardhini yakafanya kila barabara itiliwe shaka.

Mfugaji aliitazama kambi ya askari hao kwa jicho jingine. Kuanzia 1966 familia zilikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ikatwaliwa au kuuawa. Askari asiyejua Kisomali aliweza kumshuku yeyote mwenye ngamia, na mara nyingi alimshuku.

Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosuluhishwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, yalimaliza vita. Sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991.