Pampu Mbili, Mipira Minne
Mwaka 1940 misafara ya jeshi la Afrika Kusini ilikatiza Tanganyika kwenda Kenya. Kati ya malori ya enzi hizo, Ford V8 haijifichi: fungua boneti, utaona pampu mbili za maji na mipira minne ya rejeta. Chevrolet ya silinda sita ina pampu moja tu. Ford ilisifika kwa kuchemsha, maana njia zake za moshi hupenya ndani ya bloku, jirani na maji. Huku Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi; rejeta iliyoziba haikufikishi kijijini Mawengi.

Pampu imekufa? Fundi husubu nyingine, ila chuma kikipoa husinyaa takriban asilimia 1. Ukipiga kalibu kwa pampu kuukuu yenyewe, nakala hutoka ndogo.