Kutangulia Ndiko Kufika

Mwaka 1907 Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart, alifika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, akajionea mifupa mikubwa iliyokuwa imechomoza ardhini. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo yake na kumpa mnyama huyo jina la Gigantosaurus, yaani mjusi jitu. Lilikuwa jina zuri, lakini halikudumu. Mwaka 1911 Richard Sternfeld alionyesha kwamba jina lina mwenyewe: Harry Govier Seeley alikwisha kulitumia tangu 1869 kwa mifupa iliyopatikana Uingereza. Ni masalia ambayo wataalamu wa leo wanaona hayatoshi hata kumtambulisha mnyama aliyekuwa nayo. Haidhuru. Jitu la Tendaguru lilivuliwa jina, likaitwa Tornieria.

Kanuni iliyomwangusha Fraas wengi wetu tungeiita kanuni ya kipaumbele, na hapo ndipo ninapokwama. Kipaumbele ni neno lililochoshwa na hotuba za bajeti. Mtu hukitoa, na kesho mtu huyohuyo anaweza kukinyang'anya akakipa barabara badala ya visima. Kanuni hii haina mtoaji. Aliyetangulia kuchapisha jina kwa utaratibu unaokubalika, jina lake ndilo, awe profesa au kasisi wa kijijini. Kwa wanyama hesabu inaanzia toleo la 10 la Systema Naturae la Linnaeus, la 1758. Kwa mimea mingi inaanzia Species Plantarum ya 1753. Kwa hiyo napendelea kuiita kanuni ya kutangulia. Ningeiita utangulizi kama neno hilo lisingekuwa limeshachukuliwa na kurasa za mwanzo za vitabu. Wahenga walisema kutangulia si kufika, ila hawakuwa wakizungumzia majina ya spishi.

Sasa mtazame anayeongoza maktaba ya utafiti ndani ya makumbusho ya historia asilia. Mkutubi wa chuo cha uganga ana ruhusa ya kuondoa rafuni kitabu kilichopitwa na wakati, na pengine ni wajibu wake, maana dozi ya 1869 inaweza kuua mtu. Huyu wetu hana ruhusa hiyo. Orodha ya 1869 kwake ni ushahidi ulio hai, kwa kuwa ndiyo iliyompiga Fraas mwereka miaka 42 baadaye.

(Jina lenyewe la makumbusho haya lina utata wake. Historia kwetu ni mambo yaliyopita, kwa hiyo msikilizaji hutarajia masimulizi ya kale. Wagiriki waliolianzisha neno walimaanisha uchunguzi, habari alizozitafuta mtu kwa kuuliza. Ukilisoma hivyo, chura aliyenaswa jana anastahili mle ndani sawasawa na kisukuku.)

Neno mkutubi limebeba vitabu tu. Kazi ya mkuu wa maktaba ya namna hii inakaribiana zaidi na ya jirani yake wa ghorofa ya chini, mtunza vielelezo. Wote wawili hupima unyevu, wote hupigana na wadudu, na wote hugandisha walichonacho kwenye baridi kali ili kuua mayai ya wadudu hao. Mtunza, nasema, si mtunzi. Masikioni ni ndugu wa tumbo moja, kumbe mtunzi katoka kwenye kutunga na mtunza kwenye kutunza. Hata hivyo mkutubi huyu hulazimika kuwa vyote viwili, kama inavyoonekana kwenye suala la tarehe.

Vitabu vingi vya viumbe vya karne ya 18 na ya 19 vilitoka vipandevipande, kurasa chache na picha chache kila baada ya muda, kwa wasomaji waliojiandikisha. Mara nyingi kila kipande kilivikwa gamba la karatasi nyepesi, lililochapwa namba ya sehemu, bei na tarehe. Kazi ilipokamilika, mwenye kitabu alikipeleka kwa mjalidi akaomba jalada la ngozi. Mjalidi akang'oa magamba yale na kuyatupa, na ukabaki ukurasa wa jina wenye mwaka mmoja tu kwa kazi iliyochukua miaka kumi. Kujivua gamba kuna siku huleta hasara. Jina lililochapwa katika kipande cha tatu lilitoka lini hasa, kabla au baada ya jina la mpinzani wake kule Paris?

Charles Davies Sherborn alilitolea swali hilo umri wake. Kuanzia 1890, ndani ya makumbusho ya historia asilia ya London, alipekua vitabu kimoja kimoja akiorodhesha kila jina la mnyama lililochapishwa kati ya 1758 na 1850. Juzuu ya kwanza ya Index Animalium ilitoka 1902, na kazi ikaisha miaka ya 1930 ikiwa na majina zaidi ya 400,000. B. B. Woodward, mkutubi wa makumbusho hayohayo, alishirikiana naye kuchapisha makala za tarehe za kutoka kwa vipande vya ensaiklopidia moja ya Kifaransa. Mkutubi aliyetunza kitabu akawa pia mtunzi wa kitu ambacho kitabu chenyewe hakikusema.

Kiswahili kina hazina nyingine hapa isiyotumiwa ipasavyo. Hukopa ukarudisha kinacholingana: shilingi kwa shilingi, kibaba kwa kibaba. Huazima ukarudisha kilekile. Maktaba za kawaida huazimisha kwa jina, lakini ukipoteza riwaya ukanunua nakala nyingine, yamekwisha. Nakala yenye magamba yake haina ya kuilipia. Ndiyo maana haitoki mlangoni, na ndiyo maana tangu 2006 maktaba za makumbusho na bustani za mimea zimeungana katika Biodiversity Heritage Library, ambayo sasa imeweka mtandaoni mamilioni ya kurasa, bure. Picha inasafiri, kilekile kinabaki rafuni. Kwa msomaji wa Lindi au wa Nairobi, huo ndio uazimishaji pekee wenye faida. Nairobi yenyewe ina rafu za aina hii, zilizoanza na chama cha wapenzi wa viumbe kilichoundwa 1909.

Mwaka huohuo wa 1909 makumbusho ya Berlin yalianza kuchimba Tendaguru kwa nguvu ya mamia ya vibarua, hadi 1913. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 Kristian Remes alimpa mnyama mwingine wa kilima hicho jina la Australodocus bohetii. Ile i ya mwisho hufanya kazi ya "wa" yetu. Jina la Boheti mwenyewe nalo litaingia kwenye faharasa za kila maktaba ya fani, na hapo mkuu wa maktaba ana uamuzi wa kufanya. Mazoea ya Ulaya ni kutanguliza jina la mwisho, na karani asiyejua ataandika: Amrani, Boheti bin. Amrani ni baba yake, siye aliyesimamia mashimo. Aingizwe kwenye herufi B, na kwenye A iwekwe rejea fupi: tazama Boheti.